Mkutano wa video: anza na aliye mbali

SOKO la programu za mikutano kwa njia ya video limejaa bidhaa, na nyingi zina toleo la bure. Hata hivyo, kwa mfanyabiashara mwenye kikao cha kiufundi, gharama kubwa si leseni. Gharama kubwa ni kulipia kitu ambacho hakikuonekana sawasawa.

Tuchukue mfano wa mwagizaji wa Dar es Salaam anayenunua mashine ya kukamua alizeti kutoka Guangdong, China. Ameshalipa asilimia 30, na asilimia 70 inadaiwa kabla mzigo haujapakiwa melini. Kabla ya kutuma salio anaitisha kikao: yeye na fundi wake wako ofisini Kariakoo, mshirika wake yuko Singida kwa simu ya mkononi, na mhandisi yuko kiwandani. Huo ndio mkutano wa mseto.

Swali la kwanza ni nani ataweza kuingia. Huduma za Google zimezuiwa China, hivyo Google Meet, iliyo rahisi kwa mtu wa Dar, haitamfikia mhandisi kwa njia ya kawaida. Wachina wenyewe wana Tencent Meeting, ambayo toleo lake la nje huitwa VooV Meeting. Muuzaji aulizwe anatumia nini kila siku, na programu hiyo ijaribiwe siku moja kabla.

La pili ni muda. Zoom ya bure hukatika baada ya dakika 40. Google Meet na Teams za bure hutoa dakika 60 kwa kikao cha kundi. Ukaguzi ukihitaji muda zaidi, alipie mwenyeji peke yake, kwani wageni wa Zoom hawahitaji leseni. Saa nazo zipangwe: saa 6 mchana Dar ni saa 11 jioni Guangdong, mafundi wanafunga kazi.

La tatu ni bando. Video ya megabiti 1 kwa sekunde hula takriban megabaiti 450 kwa saa. Sauti pekee ya kilobiti 80 kwa sekunde hula 36 tu. Mshirika wa Singida anaweza kusikiliza bila picha, mradi ametumiwa michoro mapema. Ofisini, kompyuta mbili zenye vipaza sauti wazi huleta mwangwi. Kiwashwe kimoja, kiwekwe katikati ya meza.

La nne ndilo lenye fedha. Mhandisi asogeze kamera hadi kwenye kibao cha mota, namba zisomeke: volti, nguvu, fezi. Mashine ya fezi tatu ikifika kijiji chenye umeme wa fezi moja, haitasaga wala kukamua, na salio limeshakwenda. Kibao kisiposomeka, kikao hakijafanyika. Ziombwe picha, malipo yasubiri.

Wawekezaji wadogo nao wana la kujifunza hapa, kwani jina kubwa si dhamana. Microsoft iliinunua Skype mwaka 2011 kwa dola bilioni 8.5, na huduma hiyo ikafungwa Mei 2025. Hisa ya Zoom iliingia sokoni Aprili 2019 kwa dola 36, ikavuka dola 500 Oktoba 2020, na kumaliza mwaka 2022 chini ya dola 70. Aliyenunua kileleni kwa kufuata sifa aliumia.

Kwa hiyo makubaliano yasiachwe ndani ya programu. Mara kikao kinapokwisha, yaandikwe kwa barua pepe: namba ya mashine, fezi, tarehe ya kupakia. Muuzaji ajibu kwa kuthibitisha, ndipo benki ipigiwe simu.