Je, Wajua? Singeli Mbele ya Wahakiki wa Dunia

Panda bajaji Mlabani Jumamosi jioni, na kabla hujafika stendi ya Ifakara huenda umeshapigiwa singeli mbili tatu. Sasa sikia muziki huohuo umefika wapi, na umesemwaje huko.

Ilirekodiwa Mburahati, ikatolewa Kampala

Albamu iliyowafungulia wahakiki wa Ulaya na Marekani mlango wa singeli ni Sounds of Sisso ya mwaka 2017. Ilitoka kwa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, lakini muziki wenyewe ni wa studio ya Sisso, Mburahati, Dar es Salaam. Haikuwa kazi ya nyota mmoja: wamo Sisso mwenyewe, Bamba Pana, Makaveli, Dogo Niga na wenzao. Ndani yake kuna vinanda vya taarab vilivyokimbizwa, kuna mchiriku, kuna ngoma za pwani, vyote vimetiwa chungu kimoja na kupelekwa kwenye spika za vigodoro, sherehe za mitaani za usiku kucha. Ajabu ninayoipenda ni kwamba mtaa mzima ulijitambulisha duniani kwa albamu moja.

Mapigo matano kwa sekunde

Muziki wa house unaochezwa klabu nyingi za dunia hupiga mara 120 hadi 130 kwa dakika. Singeli huanzia kama 200 na hufika 300. Yaani ikifika huko juu, kila sekunde mapigo matano. Hata wanawake watatu wa Kilombero wakipokezana michi kwenye kinu kimoja cha mpunga, hawaifikii kasi hiyo. Na bado watu wanaicheza, tena kwa madoido!

Kila mhakiki alisikia kwao

Hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Singeli ilipotua mezani kwa waandishi wa muziki wa nje, wengi waliishika kwa vipimo walivyovizoea. Wengine walikumbuka gabber, muziki wa klabu wenye fujo uliotamba Rotterdam miaka ya 1990. Wengine walitaja footwork ya Chicago, yenye mapigo kama 160 kwa dakika. Hawakukosea kwamba vinafanana. Lakini mtu aliyekulia Temeke au Manzese haendi mbali kiasi hicho: anasikia mchiriku wa kaka zake na taarab ya shangazi yake, vimekanyaga mafuta. Hata gazeti la The Guardian la Uingereza liliandika habari za singeli, na kasi ndiyo iliyopewa nafasi ya mbele. Kasi haihitaji mkalimani.

Brussels walishaonja mapema

Miaka mitano kabla ya Sounds of Sisso, lebo ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa Bongo Hotheads, albamu ya kundi la mchiriku la Jagwa Music kutoka Dar es Salaam. Kinanda chao ni Casio kidogo, cha aina ambayo kwingine hununuliwa kama kitu cha kuchezea watoto, kikapitishwa kwenye vipaza sauti hadi kikanguruma. Lebo hiyohiyo ndiyo iliyowatoa Konono No. 1 wa Kinshasa, waliounganisha likembe, kinanda cha kupigwa kwa vidole gumba, na vifaa vya umeme vilivyotokana na vyuma chakavu vya magari.

Vidole kwenye kompyuta, vidole kwenye kinanda

Mwaka 2024 Sisso na mwenzake Maiko walitoa albamu yao ya pamoja, Singeli Ya Maajabu. Jukwaani hawa ni wawili tu: Sisso ameinamia kompyuta mpakato, akigonga vitufe vyake kama mpiga ngoma, Maiko yuko kwenye kinanda, akipandisha sauti nyembamba zinazopiga kelele juu ya mdundo. Gitaa hakuna, wala huulizi liko wapi.

Ngoma za Buganda zilizonyimwa viza

Singeli haikuwa peke yake Afrika Mashariki. Nihiloxica ni wapiga ngoma wa Uganda walioungana na Waingereza wawili, mmoja kwenye sintetaiza na mwingine kwenye dramu. Albamu yao kamili ya kwanza, Kaloli, ilitoka 2020, nayo pia kwa Crammed Discs. Humo engalabi na nankasa, ngoma za asili za Buganda, zinagongana na techno hadi hujui ipi inaongoza. Baadaye kundi lilikwama kwenye viza za Uingereza, wakayageuza masaibu hayo kuwa albamu ya 2023, Source of Denial.

Nairobi nao hawakulala

Mwaka huohuo wa 2020 vijana wawili wa Kenya, Martin Kanja na Sam Karugu, walitoa albamu yao ya kwanza kwa jina la kundi lao, Duma. Ni mayowe ya metali juu ya midundo ya kompyuta. Pitchfork ya Marekani iliihakiki.

Maneno yaliyowapita

Turudi kwenye singeli: mtayarishaji wake Jay Mitta aliiita albamu yake ya 2019 Tatizo Pesa. Mhakiki asiyejua Kiswahili atasifu mdundo, na ana haki. Ila kwenye kigodoro watu hawachezi mdundo peke yake: mghani wa singeli hukimbiza maneno ya kodi ya chumba, mapenzi yaliyovunjika na majirani wenye midomo, na umati unamjibu mstari kwa mstari. Hapa Ifakara watoto wa shule za msingi wanayaghani kwa pumzi moja.