Matandiko ya mtoto mchanga: Chandarua kwanza, rangi baadaye

Mzazi anayetaka rangi mkoani Kigoma hawezi kuzikosa. Mkoa huu unajulikana nchini kote kwa vitenge vinavyovuka mpaka kutoka Kongo na Burundi, na katika masoko ya Kasulu na Kibondo mama mjamzito hukuta kila aina ya kitambaa: vitenge vya maua, khanga, mablanketi mazito ya manyoya yenye picha za simba na tausi, na shuka ndogo za mitumba zenye vikatuni.

Kazi ipo kwenye kuchagua. Mama mkwe anataka blanketi zito kwa sababu ya baridi. Wifi anataka seti ya mito midogo kama aliyoiona kwenye simu. Baba naye anauliza kwa nini vitu vinunuliwe kabla mtoto hajazaliwa, maana wapo wanaoamini kuwa kumwandalia mapema ni kumtafutia mkosi. Fedha ni ileile, na kila anachonunua mama kinaondoa kingine.

Ni vizuri basi kujua kipi kinamlinda mtoto na kipi kinafurahisha macho ya wageni tu.

Chandarua ni sehemu ya matandiko

Baridi ya nyanda hizi, ambazo sehemu kubwa iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, huwafanya wengine wadhani mbu ni tatizo la watu wa ziwani. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulionyesha vinginevyo. Kati ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa mkoani Kigoma, takriban 24 kwa kila 100 walikutwa na malaria, wakati wastani wa nchi ulikuwa kama 7.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kwenye kitanda cha mtoto ni chandarua chenye dawa. Mjamzito hupewa bila malipo anapohudhuria kliniki kwa mara ya kwanza, na mtoto hupewa chake anapopata chanjo ya surua akiwa na miezi 9. Chandarua kipya hutundikwa kivulini kwa saa 24 kabla ya kutumika. Kikichafuka, kifuliwe taratibu kwa sabuni ya kawaida na kuanikwa kivulini, kwa sababu jua kali huharibu dawa. Kitundu kikionekana kishonwe siku hiyohiyo, na pindo lichomekwe chini ya godoro.

Anayeona chandarua cheupe au cha bluu kimepooza anaweza kushonea ukanda wa kitenge kwenye pindo la chini. Ukanda uwe mwepesi, usivute na kuchana wavu.

Godoro gumu, bila mito

Seti zinazopendeza kwenye picha huwa na mto, shuka nene la kujifunika, vitambaa vilivyojazwa sufi kuzunguka kingo, na midoli. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, vyote hivyo ni hatari. Shingo yake haina nguvu ya kugeuza uso uliozama kwenye kitu laini, na anaweza kukosa hewa bila hata kulia.

Mtoto alazwe chali, kwenye godoro gumu lililotandikwa shuka moja lililokazwa vizuri. Marekani ilipoanza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1994, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa karibu nusu katika miaka iliyofuata.

Kwa wanaochongesha kitanda cha mtoto kwa fundi seremala, mbao za pembeni zisiachane zaidi ya sentimita 6, na kati ya godoro na ubavu wa kitanda visipite vidole viwili. Hata familia yenye chumba cha ziada inashauriwa kumweka mtoto kwenye chumba cha wazazi kwa angalau miezi 6 ya mwanzo, ili anyonye kwa urahisi na mama asikie anavyopumua. Chumba chake kinaweza kusubiri. Kona moja karibu na kitanda cha mama inamtosha.

Kitenge kinafaa wapi

Kitenge cha pamba kinafaa kwa shuka la chini. Pisi moja hutoa shuka kadhaa za mtoto, na kinachobaki ni mbeleko. Lakini kitenge kipya huchuja rangi na huwa na wanga wa kiwandani unaokikakamaza. Kifuliwe peke yake mara mbili au tatu, mpaka maji yatoke meupe. Kwenye shuka za mitumba, ng'oa vifungo, riboni na nyuzi zinazoning'inia, kisha fua kwa maji ya moto.

Kuna sababu nyingine ya kuwa makini na kufua. Yupo nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevunyevu, hasa zilizoanikwa kivulini au juu ya majani. Funza wake huingia kwenye ngozi na kuota kama jipu. Anika kwenye kamba juani, kisha piga pasi ya moto pande zote mbili mpaka kwenye mishono. Pasi ya mkaa inatosha kabisa.

Kwa majuma mawili ya mwanzo, shuka jeupe au la rangi nyepesi lina faida yake. Kitovu kikitoa damu au usaha, doa huonekana mapema. Kwenye kitenge chekundu chenye maua, doa hilo linaweza kupita bila mtu kuliona.

Mtoto anaona nini?

Mtoto mchanga huona vizuri vitu vilivyo umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, takriban umbali wa uso wa mama anayenyonyesha. Kinachomvuta mwanzoni ni tofauti kali ya mwanga na giza, kama mistari myeusi kwenye nyeupe. Rangi huanza kumkolea kadiri miezi inavyopita, na kufikia mwezi wa tano hivi huzitambua vizuri.

Mpaka hapo, ubishi wa bluu ya kiume na waridi ya kike ni wa watu wazima. Pambo lenye rangi litundikwe ukutani, mahali ambapo mtoto halifikii na haliwezi kumwangukia.

Kujikinga na baridi

Usiku wa Juni na Julai huuma. Hata hivyo blanketi la manyoya linaweza kumpasha joto kupita kiasi na kumfunika uso. Mvalishe tabaka mbili au tatu nyepesi na kofia anapokuwa macho, kisha mfunike kwa blanketi jepesi lisilozidi kifua, mikono ikiwa nje. Ili kujua kama anasikia joto au baridi, gusa kifua au kisogo, kwa kuwa vidole vya mtoto huwa baridi hata akiwa sawa.

Jiko la mkaa lisilale chumbani hata usiku mmoja. Hewa yake ya sumu haina harufu na huua familia nzima usingizini.

Kwa mwenye fedha kidogo, mpangilio ni huu: chandarua, godoro gumu, shuka tatu za kubadilishana, blanketi moja jepesi. Kitakachobaki baada ya hapo ndicho cha maua na tausi. Na familia inayoogopa kununua mapema inaweza kuanza na chandarua, kwa sababu mama atakilalia yeye mwenyewe tangu ujauzito, na mtoto akizaliwa atakikuta tayari.