Reli ya Uvira hadi Kamanyola: Kwa nini treni haikuvuka kilima kuelekea Kivu?

Rwanda haina reli. Mkulima wa Nkungu, wilayani Rusizi, anayepeleka mazao Kigali hutegemea lori, katika safari ya zaidi ya kilomita 200. Hata hivyo, kwa zaidi ya robo karne treni ilifika karibu kabisa na wilaya hiyo, ng'ambo ya mto Rusizi.

Njia ya kuelekea bahari

Reli hiyo ilijengwa wakati wa utawala wa kikoloni wa Ubelgiji na kuanza kazi mwaka 1931. Ilitoka Uvira, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, ikafuata Bonde la Ruzizi kwa zaidi ya kilomita 90 hadi Kamanyola, mji unaotazamana na Bugarama.

Lengo lake lilikuwa kuiunganisha Kivu na Bahari ya Hindi. Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam, ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Kwa mkataba wa mwaka 1921, Uingereza iliipa Ubelgiji haki ya kutumia bandari za Dar es Salaam na Kigoma.

Shehena iliteremshwa Kigoma, ikavushwa ziwa kwa meli, ikapakiwa kwenye treni Uvira, kisha ikahamishiwa malori Kamanyola ili kupanda hadi Bukavu.

Kwa nini iliishia Kamanyola?

Jibu limo katika ardhi yenyewe. Ziwa Kivu liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika mita 770 hivi. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo iko juu ya Kamanyola, mto unakoteremka kwa kasi katika makorongo. Treni haiwezi kupanda mwinuko mkali kama lori. Huhitaji mizunguko mirefu, madaraja na mahandaki, na gharama yake ni kubwa.

Udhaifu wa reli hiyo ulitokana na hali hiyo. Kila mzigo ulipohamishwa, ulidai muda, vibarua na fedha, ilhali lori lililopakiwa Uvira liliweza kwenda moja kwa moja hadi Bukavu. Mwaka 1958 reli ilifungwa.

Mipango ya leo

Tanzania ilianza safari za treni za umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Mwaka 2025, pamoja na Burundi, ilizindua ujenzi wa reli ya Uvinza hadi Musongati, yenye urefu wa kilomita 282. Mpango wa Isaka hadi Kigali nao umejadiliwa kwa miaka mingi.

Hata reli hiyo ikifika Kigali, mazao ya Rusizi bado yatahitaji lori kuifikia. Kwa wakazi wa Nkungu, swali litakuwa lile lile la Kamanyola: mzigo utahamishwa mara ngapi, na nani atalipia?