Alaina: Kazi Iko Kwa Mfupa, Si Kwa Plastiki

Kujua msee amevaa alaina, zile trei za plastiki za kupanga meno, si rahisi. Mnabonga, mnacheka, mnapiga selfi, na hausomi kitu mpaka taa imulike meno zing'are kiasi. Ndio maana mayuth wengi wenye walikataa vyuma wakiwa shule sai wanaziulizia. Shida ni moja: wengi wanadhani hiyo plastiki inasukuma meno ka mat imekwama kwa matope. Zii. Kazi yenyewe inafanyika chini, kwa mfupa.

Cheki, kati ya mzizi wa jino na mfupa wa taya kuna nyuzi ndogo sana zenye zimeshika jino kwa shimo yake. Trei mpya huwanga imekatwa ikifuata venye meno zinafaa kukaa wiki ijayo, si venye ziko leo, so ukiivaa lazima ifinye. Upande wenye jino inaelekea, kuna seli zinaanza kumega mfupa. Upande imetoka, seli zingine zinajenga mpya. Trei moja husongesha jino karibu robo milimita, na mara mingi haifiki hapo. Ukilazimisha mbio, mizizi ndio huumia.

Stori ya hizi vitu ni tamu. Zia Chishti alikuwa anasomea biashara huko Stanford, California, na alikuwa amewekwa vyuma akiwa mtu mzima. Zikitolewa akapewa ritena, ile plastiki ya kuzuia meno zisirudi. Akiiacha, meno zinasonga. Akiivaa tena, zinarudi laini. Akaona hiyo plastiki inaweza kupanga meno from mwanzo, bora ziwe mob na zifuatane. 1997 yeye na Kelsey Wirth wakaanzisha Align Technology, kampuni ya Invisalign, na hakuna kati yao alikuwa dokta wa meno. Tayari 1945 dokta Mmarekani Harold Kesling alikuwa ameonyesha kifaa cha mpira cha kusongesha meno mdogo mdogo. Chenye kilikosekana ni kompyuta ya kuchora kila hatua, na mashine ya kuprinti kila mold.

Usishtuke dokta akikubandikia vinundu vya rangi ya meno. Bila hizo plastiki inateleza, haswa kwa chonge, ju ni jino ya raundi na kuizungusha ni noma. Na kama shida ni taya zenyewe zimepishana vibaya, alaina peke yake haitoboi.

Sasa nidhamu. Masaa 20 mpaka 22 kila siku ziwe mdomoni, ukitoa tu ya kudishi na kupiga mswaki. Mtihani mkubwa ni lanchi ya kibanda. Chapo madondo imefika, unageuka kando, unaingiza kucha nyuma kwa gego, inachomoka na uzi wa mate. Ukiifunga kwa seviet uiweke kando ya sahani, mathe akipanguza meza imeenda na takataka. Beba kikopo chake, tafadhali. Na chai ya moto usinywe ukiwa nazo: joto inapinda plastiki, majani yanaacha rangi, sukari inafungiwa na meno ndani. Maji baridi ndio haina stori.

Wasee wa Naks na Rift wenye meno zilishika brown juu ya maji ya floraidi, alaina haitagusa hiyo rangi. Hiyo ni tiba ingine.

Kitu inaniuma ni watu kuagiza trei kwa simu bila dokta kuwaangalia mdomo. Marekani, SmileDirectClub ilikuwa inatumia watu trei mpaka kwa keja. Desemba 2023 ikafunga ghafla, na wateja wengine walikuwa katikati ya safari. Meno zinasonga ndani ya mfupa wako. Mtu lazima apige eksirei, acheki mizizi na fizi kabla hata hujalipa. Hapa Kenya, jina la dokta unaweza kulitafuta kwa rejista ya KMPDC, lile baraza la madaktari na madokta wa meno, na ni bure.

Ukiwa hapo kwa kiti, uliza pia kama ritena iko ndani ya bei ya alaina, ju trei ya mwisho ikitoka utavaa ritena usiku kwa miaka, na ikivunjika utanunua ingine.