Maua ya sebuleni yanayomuua mlinzi wa ghala

Paka wa nyumba ya mpakani si pambo, ni mlinzi. Kila anayevusha mahindi na maharage kati ya Manyovu na Mugina anaijua hasara ya panya: usiku mmoja gunia limetobolewa, punje zimemwagika, na zilizobaki zimechafuliwa kwa mkojo. Mtego hunasa mmoja mmoja, na sumu ya panya ni hatari kwa watoto. Paka hodari hulinda stoo nzima bila mshahara.

Hata hivyo, siku hizi mlinzi huyo amepata adui ambaye tunamwingiza ndani kwa mikono yetu wenyewe, nayo ni maua ya mapambo.

Mimi nilisoma katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, huko Mpanda, nikarejea Burundi mwaka 2009. Kule mimea iliyozunguka nyumba ilikuwa na kazi maalumu: mnyaa wa uzio, shubiri ya dawa, mpapai wa watoto. Wazee walikuwa wakisema, ya nini kupamba nyumba ya ugenini? Leo watu wamejenga, wameezeka bati, na sebule haikamiliki bila maua. Ni dalili njema ya utulivu. Tatizo ni kwamba mengi huja bila majina. Muuzaji husema tu ni “ua la mapambo”.

La kuogopwa kuliko yote ni yungiyungi. Ni ua kubwa lenye petali sita, harufu kali, na chavua ya rangi ya kahawia inayochafua nguo. Hununuliwa kwa ajili ya harusi na misiba. Kwa paka kila sehemu yake ni sumu: jani, petali, chavua, hata maji ya chombo lilimowekwa. Paka akipita tu karibu, chavua ikashika manyoya, naye akajilamba, inatosha. Baada ya saa chache hutapika na kukataa chakula. Kisha huenda akaonekana amepata nafuu, kumbe figo zinaharibika. Ndani ya siku moja hadi tatu mkojo hukatika. Mbwa akilila ua hilohilo figo zake hazidhuriki, ndiyo maana wengi hawalishuku.

Jirani yangu mmoja, muuza maharage, alipoteza paka namna hiyo. Papo hapo alisema ametiliwa sumu na jirani wa upande wa pili, ambaye walikuwa na mzozo wa mpaka wa shamba. Sisi tuliorejea tunajua neno kama hilo linaweza kufika wapi. Nilipokwenda kumpa pole niliyakuta maua ya harusi bado mezani, chavua imedondoka kwenye kitambaa, na nyayo za paka zimepita juu yake. Nilimweleza habari za ua lile. Alikaa kimya kwa muda, kisha akaenda mwenyewe kwa jirani yake.

Yungiyungi lisichanganywe na lile ua jeupe lenye umbo la faneli, ambalo hupenda penye unyevu na hutumika kupambia kanisa. Hilo, pamoja na difenbakia yenye majani mapana ya madoa meupe, vina chembe kali mfano wa sindano. Paka akitafuna huungua mdomo, hutoka udenda, na ulimi huvimba. Mtoto mdogo naye hupatwa na hayohayo.

Saikasi, inayofanana na mnazi mfupi mbele ya hoteli na maofisi, huharibu ini. Mbegu zake ndizo mbaya zaidi. Oleanda ya maua ya waridi huvuruga mapigo ya moyo, ya paka na ya binadamu pia. Hata mimea yetu ya zamani haina upole: utomvu wa mnyaa huchoma macho, na shubiri humharisha paka.

Akishakula afanyiwe nini? Mwondolee mabaki mdomoni, mfute manyoya kwa kitambaa kibichi, na usimlazimishe kutapika kwa chumvi wala mafuta. Chukua kipande cha mmea, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Kwa yungiyungi usingoje dalili, kwa kuwa dripu husaidia kabla figo hazijafa.

Anayependa maua asikate tamaa. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani mjini Tanga, Walter von Saint Paul, alipeleka kwao mbegu za ua dogo la zambarau kutoka milima ya Usambara. Leo ua hilo lipo madirishani dunia nzima, na halimdhuru paka. Salama pia ni ule mmea wa majani membamba yenye mistari myeupe, unaoning'iniza vitoto vyake kandokando ya chungu. Na kwa kuwa paka hupenda kutafuna majani, mpandie ngano kidogo kwenye kopo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, unapovuka na chungu cha maua kichwani, uliza jina lake. Muuzaji akishindwa kulitaja, litazame vizuri umbo lake. Lenye petali sita na chavua ya kahawia libaki sokoni, hasa kama nyumbani kuna maharage yanayomtegemea paka.