Omondi na Deni la Accra

Wapenzi wa kandanda wa Kampala wanapomtaja marehemu Philip Omondi, hakosekani wa kumshtaki: kwamba mwezi Machi, 1978, mjini Accra, katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, mshambuliaji huyo wa KCC hakuona lango. Ghana ilishinda 2–0, mabao yote mawili yakiwa ya Opoku Afriyie.

Shtaka hilo halina haki. Ni nani aliyeifikisha Uganda kwenye fainali hiyo? Katika nusu fainali Nigeria ilikwisha sawazisha, ndipo Omondi alipopachika bao la pili, nayo Uganda ikashinda 2–1. Alimaliza mashindano akiwa na mabao 3, sawa na Afriyie mwenyewe na Segun Odegbami wa Nigeria, hakuna aliyewapita. Tena yale mabao mawili ya Accra (wanaolaumu husahau) hayakuingia kwa uzembe wa mshambuliaji.

Uganda ilingoja miaka 39 kurudi kwenye mashindano hayo, nchini Gabon mwaka 2017. Omondi, aliyefariki mwaka 1999, hakuiona siku hiyo. Uwanja wa Lugogo ulipewa jina lake, na humo humo huketi wanaomlaumu.