Deni Lisikuondolee Afya

Kama uko jikoni, endelea kupika huku ukisikiliza. Kama uko dukani, ongeza sauti kidogo ili jirani naye asikie. Leo hatuzungumzi juu ya malaria wala kuhara. Tunazungumza juu ya jambo lisiloonekana kwa darubini ya maabara, lakini linawagonjesha watu: wasiwasi wa madeni.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli. Lakini kati ya siku ya kukopa na siku ya kulipa kuna mwili. Mwili huo lazima ule, ulale, uamke na uende kazini. Ukianguka, deni litalipwa na nani? Kwa hivyo leo tutajifunza namna ya kuulinda mwili wakati deni bado lipo.

Tuchukue mfano wa mama mmoja anayeuza mboga mtaa wa Langas, hapa Eldoret. Anafika kituo cha afya na kusema, "Sista, kichwa kinanigonga na moyo unaenda mbio. Nadhani ni malaria." Anapimwa malaria, hana. Anapimwa presha, iko juu. Muuguzi anamwuliza, "Mama, unalala vizuri?" Ananyamaza kwanza. Kisha anajibu, "Nalala saa sita, saa nane niko macho. Simu ikilia nashtuka."

Ndipo habari yote inatoka. Alichukua mkopo wa simu kulipa karo ya Januari. Akachukua wa pili kulipa ule wa kwanza. Akakopa kwenye chama ili kulipa wa pili. Na mzee nyumbani hajui lolote.

Msikilizaji, mama huyu hayuko peke yake. Zamani kukopa kulikuwa na safari: uende benki, au kwa ushirika, au umwendee jirani ana kwa ana. Tangu M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, na Fuliza mwaka 2019, mkopo unapatikana usiku wa manane ukiwa kitandani. Kuna mkulima wa Moiben au Ziwa aliyekopa mbegu na mbolea mwezi wa Machi, naye hatashika pesa za mahindi mpaka mavuno ya mwisho wa mwaka. Kuna kijana wa boda boda anayelipia pikipiki kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Mwaka 2023 tuliwaona wazazi wakiandamana hapa mjini kudai pesa walizolipia masomo ya watoto Finland na Kanada. Miongoni mwao walikuwako waliouza mashamba na waliochukua mikopo. Kwa hivyo kuwa na deni si alama ya uvivu wala ujinga. Limempata mkulima, mwalimu na mfanyabiashara.

Je, deni linaingiaje mwilini?

Mungu alituumba na namna ya kujikinga na hatari. Ukikutana na nyoka njiani, mwili hutoa kemikali zinazoitwa adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga haraka, presha hupanda, sukari humwagika kwenye damu ili upate nguvu za kukimbia, misuli hukaza, na tumbo huacha kazi yake kwa muda. Nyoka akishaenda zake, mwili hutulia.

Shida ni kwamba mwili hautofautishi nyoka na ujumbe wa simu unaosema, "Lipa leo kabla ya saa kumi." Nyoka huondoka, lakini deni linalala nawe na kuamka nawe. Mwili unabaki katika hali ya kukimbia, siku baada ya siku. Hapo ndipo dalili zinaanza: kichwa kuuma, shingo na mabega kukaza, moyo kwenda mbio, tumbo kuchafuka, kukosa hamu ya chakula au kula kupita kiasi, usingizi kukatika, hasira za ghafla, kusahau, na kukosa hamu ya tendo la ndoa. Mwenye ugonjwa wa kisukari huona sukari yake haishiki. Mwenye presha huona haiteremki.

Sasa sikiliza makosa manne yanayoongeza ugonjwa juu ya deni.

Kosa la kwanza ni kuacha dawa. Mtu anasema, "Pesa hizi nizipeleke kwenye deni, vidonge vya presha nitameza nusu." Tafadhali usifanye hivyo. Vidonge vya presha havipunguzwi kama sukari ya chai. Presha isiyotibiwa inaweza kuleta kiharusi, na kiharusi kitaiingiza nyumba katika deni kubwa kuliko lile ulilokuwa ukiliogopa. Kama dawa imekushinda bei, mwambie muuguzi au daktari waziwazi. Mara nyingi ipo nyingine ya bei nafuu.

Kosa la pili ni kumeza dawa za maumivu kila siku. Kichwa kinauma kwa sababu hulali, unanunua brufeni au diklofenaki, kesho tena, kesho kutwa tena. Dawa hizi zikizoewa huweza kuchimba vidonda tumboni, kupandisha presha na kudhuru figo. Watu husema mawazo ndiyo yanaleta vidonda vya tumbo. Kwa kweli visababishi vikubwa ni viwili: kijidudu kinachoishi tumboni, na dawa hizi za maumivu. Mawazo huzidisha uchungu tu. Kwa hivyo tumbo likikusumbua, nenda ukapimwe.

Kosa la tatu ni pombe. Glasi ya chang'aa au busaa inaleta usingizi, ndiyo, lakini ni usingizi mwepesi. Saa tisa usiku uko macho, deni liko pale pale, na mfukoni pesa zimepungua.

Kosa la nne ndilo kubwa kuliko yote: kuficha. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Deni la siri lina uchungu mara mbili. Unaogopa anayekudai, tena unamwogopa mwenzako asijue. Kila simu inayolia ni hofu, kila anayebisha hodi ni hofu. Siri yenyewe inageuka kuwa ugonjwa.

Basi, ufanye nini?

Kwanza, mwambie mtu mmoja. Anaweza kuwa mume au mke, dada, mzee wa kanisa au imamu, rafiki wa siku nyingi, au muuguzi. Chagua wakati wa utulivu, si usiku wa manane wala mbele ya watoto. Sema maneno machache: "Kuna jambo linaninyima usingizi. Nina madeni. Naomba unisikilize kabla ya kunijibu." Nawe unayeambiwa, usianze kwa kufoka. Huyo aliyekuja kwako amechukua siku nyingi kupata ujasiri. Msikilize kwanza. Hesabu zitafuata.

Pili, andika. Chukua karatasi na uandike nani anakudai, kiasi gani na lini. Kichwani madeni huzunguka na kuonekana hayana mwisho. Kwenye karatasi yana mwisho. Weka nusu saa ya mchana, tuseme saa kumi jioni, iwe saa yako ya madeni. Mawazo yakija usiku, yaambie, "Karatasi ipo, tutakutana kesho saa kumi." Ni jambo dogo, lakini linausaidia ubongo kupumzika.

Tatu, mwendee anayekudai kabla hajakujia. Mimi ni muuguzi, si mtu wa benki, lakini najua kwamba hofu ya kusubiri hudhuru mwili kuliko mazungumzo yenyewe. Mwambie unachoweza kulipa kweli, hata kama ni kidogo, na usiahidi usichokuwa nacho. Usichukue mkopo mpya kuziba wa zamani, maana kukopa harusi, kulipa matanga.

Nne, ujue haki zako, kwa sababu vitisho navyo huleta ugonjwa. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za Machi 2022 zinawakataza wakopeshaji wa simu kutumia vitisho au matusi, au kuwatumia ujumbe watu waliomo katika orodha yako ya simu. Wakifanya hivyo, unaweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Mwaka 2023 ofisi hiyo iliyatoza faini makampuni yaliyowasumbua watu kwa njia hiyo. Tena hakuna mkopeshaji anayeweza kukufunga jela kwa neno lake mwenyewe. Hiyo ni kazi ya korti.

Tano, utunze mwili. Kula, hata kama ni githeri au ugali na sukuma, lakini kwa wakati wake. Mtu mzima anahitaji kulala kama saa saba. Zima simu saa moja kabla ya kulala na uiache mbali na kitanda. Usinywe chai ya majani wala kahawa usiku. Tembea kwa miguu nusu saa kwa siku. Hofu ikikushika, keti, vuta pumzi polepole kwa pua, itoe kwa mdomo taratibu zaidi kuliko ulivyoivuta, urudie kwa dakika tano. Moyo utatulia.

Sita, pima presha. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudia kuwa hivyo siku nyingine, unahitaji matibabu. Tangu 2023, wahudumu wengi wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye mashine ya kupima presha. Mwulize wa kijiji chenu. Lakini ukiona maumivu ya kifua, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, au mdomo kupinda, usingoje mhudumu wala kesho. Nenda hospitali mara moja.

Msikilizaji, sasa nataka uje karibu na redio. Jiulize maswali mawili. Katika majuma mawili yaliyopita, je, umekuwa na huzuni au kukata tamaa karibu kila siku? Je, mambo uliyokuwa ukiyapenda sasa hayakufurahishi? Ukijibu ndiyo, hata kwa moja, nenda kituo cha afya na useme hivyo hivyo. Huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Ni ugonjwa kama mwingine, na una matibabu. Kituo kinaweza kukupeleka katika idara ya afya ya akili ya Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi hapa Eldoret.

Na kama umewahi kuwaza kwamba ni heri ufe kuliko kudaiwa, tafadhali mwambie mtu leo, si kesho. Unaweza kupiga nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, bila malipo. Usiogope kushtakiwa kwa kusema ukweli. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, ni kinyume cha Katiba. Nawe jirani, ukimwona mtu amejitenga, anagawa vitu vyake au anaaga aga, usimwache peke yake. Mwulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, bali kunamfungulia mlango. Dawa za kunyunyizia mimea na za kuogeshea ng'ombe zifungiwe, na ufunguo akae nao mtu mwingine.

Kwa wanachama wa vyama nina ombi moja. Mwenzenu akishindwa, mwiteni mkae naye kabla ya kwenda kumbebea viti na sufuria mbele ya watoto wake. Aibu haileti pesa. Inaleta ugonjwa.

Tumrudie yule mama wa Langas. Muuguzi hakuwa na pesa za kumpa. Alimpa tarehe ya kurudi kupimwa presha na akamwomba aje na mzee. Je, watakuja wawili? Hilo liko mikononi mwa mama. Deni lake halitapungua hata shilingi moja siku atakayomweleza mumewe, lakini usiku huo litakuwa na watu wawili wa kulibeba.

Nawe msikilizaji, je, kuna mtu anayejua deni lako? Kama hakuna, kazi yako ya juma hili ni hiyo moja: mwambie mtu mmoja.

Tukutane tena katika kipindi kijacho. Mpaka hapo, lala salama. Kwaheri.